Mlango wa Nairobi

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuyasikia maneno haya, kama si ndani ya basi basi ni sokoni, na kama si sokoni basi ni nyumbani kwenu, wazee wakizungumza baada ya chakula: "Nairobi imejaa. Maji hayatoshi, shule hazitoshi, hospitali hazitoshi. Mbona watu hawazuiwi kuja?" Asemaye hivyo si mjinga, wala si lazima awe mtu mwenye choyo. Ameona bomba lake likikauka kwa siku kadhaa. Ameona mwanawe akibanana na wenzake darasani. Amepanga foleni hospitalini tangu alfajiri, na jua la adhuhuri likamkuta hapo hapo. Mtu wa namna hiyo haifai kumcheka. Lakini yafaa kumwuliza swali moja ambalo historia yaweza kulijibu. Je, mlango wa Nairobi haujapata kufungwa? Na ulipofungwa, maji yalitosha?

Jibu la swali la kwanza ni jepesi. Mlango ulifungwa, tena kwa muda wa karibu miaka arobaini. Swali la pili ndilo litakalo maelezo marefu kidogo, nami nakuomba unisikilize kwa uvumilivu, maana jambo lenyewe lina pande nyingi.

Tuanze na mji wenyewe. Reli iliyotoka Mombasa ilifika mahali hapo mwezi wa Mei mwaka 1899. Palikuwa ni uwanda wa majimaji ambao Wamaasai waliuita kwa jina lenye maana ya maji baridi, na mifugo yao ilikunywa hapo. Kando kando, kwenye vilima vya magharibi na kaskazini, palikuwa na mashamba ya Wakikuyu. Hapakuwa na mji. Kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kusema, "Mimi ni mwenyeji wa mji huu, nanyi ni wageni." Mhindi aliyefungua duka alikuwa mgeni. Mzungu aliyepima viwanja alikuwa mgeni. Mpagazi Mswahili aliyetoka pwani, askari Mnubi aliyepewa mahali pa kukaa Kibera, Mkamba, Mkikuyu na Mganda waliokuja kutafuta kazi, wote walikuwa wageni. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yalihamishwa kutoka Mombasa, na mwaka uliofuata mji ulihesabiwa kuwa na watu karibu 11,500. Waafrika walijijengea vijiji vyao wenyewe pembeni mwa mji, na majina ya vijiji hivyo yatuonyesha lugha iliyowaunganisha: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini.

Hebu sasa tazama jinsi wazo la kuzuia watu lilivyozaliwa. Halikuzaliwa kwa sababu ya maji. Lilizaliwa kwa sababu ya hofu, na hofu ile ilikuwa na chanzo cha kweli. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, ambalo lilikuwa limebanana na halikuwa na mifereji ya maji machafu. Amri ikatolewa, na soko likachomwa moto. Tauni ilirudi tena katika miaka iliyofuata. Badala ya kujiuliza kwa nini soko halikuchimbiwa mifereji, wakubwa wengi wa siku zile walijiuliza ni watu gani waliokuwa wakikaa sokoni. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya aliyeitwa Profesa Simpson alikuja kutoka Uingereza kuchunguza jambo hili, akashauri ya kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbali mbali. Tangu hapo neno "afya" likaanza kufanya kazi mbili katika Nairobi. Lilitumiwa kutibu maradhi, na lilitumiwa vile vile kutenga watu. Msomaji, neno likifanya kazi mbili, yakupasa ulitazame vizuri kabla ya kulikubali.

Walakini, palikuwa na tatizo. Mji haukuweza kujengwa wala kuendeshwa bila mikono ya wale wale waliotakiwa wakae mbali. Reli ilitaka wafanya kazi, nyumba za Wazungu zilitaka wapishi na watunza bustani, maduka yalitaka wachukuzi. Basi serikali ya kikoloni ilifanya kitu cha ajabu: kwa mkono mmoja iliwasukuma watu waende kutafuta kazi za mshahara, na kwa mkono wa pili iliwazuia wasikae. Mkono wa kwanza ulikuwa kodi. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na mahali pa kupatia fedha palikuwa ni kwa mwajiri. Mkono wa pili ulikuwa kipande.

Wazee wetu wengi walikufa na chuki ya neno hili, kwa hiyo vijana hawana budi kulifahamu. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya Vita Kuu ilianza kutekelezwa baada ya vita kwisha, kati ya miaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka kumi na sita alipaswa kuwa na hati yenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, na mshahara wake. Hati iliwekwa ndani ya kikebe cha bati, na kikebe kilivaliwa shingoni kwa kamba. Mtu hakuweza kuacha kazi kwa hiari yake na kuajiriwa mahali pengine, kama mwajiri wa kwanza hakutia sahihi ya kumwachilia. Na aliyeonekana mjini bila kazi na bila kibali aliitwa mzururaji, akakamatwa, akarudishwa kwao.

Naomba uangalie jambo moja hapa, maana hutajwa mara chache. Mlango huu haukuwa mlango wa kawaida ambao kila apitaye huonekana na bawabu mmoja. Ulikuwa na komeo, na ufunguo wa komeo ulikuwa mikononi mwa waajiri. Mwajiri alipotaka watu, mlango ulifunguka. Alipokuwa hana haja nao, ulifungwa. Hesabu ya maji au ya vitanda vya hospitali haikuwa kipimo cha kuufungua wala kuufunga.

Hasira ilikuja upesi. Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya serikali, aliwakusanya watu wa makabila mbali mbali mjini Nairobi mwaka 1921 kupinga kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na kazi za kulazimishwa. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati wa watu ulisimama mbele ya kituo cha polisi ukitaka aachiliwe. Mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume kwa kurudi nyuma, umati ukasonga mbele, na bunduki zikalia. Serikali ilitaja watu 21 waliokufa, na wengine walisema idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wafu. Msomaji wa leo apitapo karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, apitapo palipokuwa kituo kile, na afahamu ya kwamba watu walikufa pale kwa ajili ya swali hili hili la nani aruhusiwe kutembea katika mji na kwa masharti ya nani.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo, nacho ni nyumba. Katika miaka ile ile ya mwanzo wa 1920 serikali ya mji ilitenga mahali pa Waafrika, pakaitwa Pumwani. Vijiji vya zamani vilibomolewa kimoja kimoja. Pangani, kilichokuwa kikubwa, kiliondolewa kabisa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Jina hilo peke yake lasimulia habari, maana aliyehamishwa aliambiwa kana kwamba ni hiari yake. Reli nayo ilijenga landhi za wafanya kazi wake huko Muthurwa. Katika nyumba nyingi za namna hiyo mtu hakupangishwa nyumba; alipangishwa nafasi ya kitanda. Chumba kimoja kiligawiwa wanaume kadhaa, kila mmoja na kitanda chake. Mke hakutazamiwa, mtoto hakutazamiwa. Mshahara nao ulipimwa hivyo hivyo: ulikuwa mshahara wa mtu mmoja, kwa dhana kwamba mkewe na wanawe wako shambani na shamba litawalisha.

Hapo ndipo nilipotaka kukufikisha. Tuseme wewe ni mkubwa wa mji, na umejiaminisha ya kwamba nusu ya watu wa mji wako ni wapita njia. Je, utawajengea shule? Za nini, ikiwa watoto wao hawapo? Utawachimbia mifereji ya kutosha? Ya nini, ikiwa kesho watarudi kwao? Utatenga fedha za hospitali ya wazazi? Hutafanya hivyo, wala hutaona haya, kwa kuwa hesabu yako haina kosa. Kosa liko katika dhana iliyotangulia hesabu. Fedha nyingi za huduma za Waafrika wa Nairobi hazikutoka hata katika mfuko mkuu wa mji. Zilitoka katika kodi za nyumba walizolipa wenyewe na katika faida ya pombe ambayo halmashauri ya mji iliwapikia na kuwauzia. Naam, mtu alipata huduma kwa kadiri alivyolewa! Basi asemaye leo kwamba huduma za Nairobi zilizidiwa na wageni, yafaa akumbuke kwamba kwa nusu karne huduma hizo hazikupangwa ziwatosheleze watu waliokuwapo, achilia mbali wale waliokuwa njiani. Uchache haukuletwa na wageni peke yao. Mlango uliofungwa ndio ulioufanya uchache uonekane kuwa jambo la haki.

Na bado watu walikuja. Kufikia hesabu ya mwaka 1948 Nairobi ilikuwa na watu karibu 119,000. Mwaka 1949 ilitungwa sheria nyingine dhidi ya wale walioitwa wasio na kazi kwa hiari yao. Mwaka 1950 mji ulipewa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme, na sherehe zikafanywa, huku maelfu ya watu wakilala wamejibanza Pumwani na Shauri Moyo.

Mwezi wa Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, na tarehe 24 Aprili 1954 mlango ukafungwa kwa nguvu ambayo haikupata kuonekana. Operesheni ile iliitwa Anvil, jina ambalo maana yake ni fuawe, yaani kile kipande cha chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake. Wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji, wakapita mtaa kwa mtaa, wakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru na wengine. Watu zaidi ya 20,000 walipelekwa vizuizini Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Wanawake na watoto wengi walirudishwa katika sehemu zao za mashambani. Shabaha ya kwanza ilikuwa vita dhidi ya Mau Mau, si kupunguza foleni za maji. Hilo sitaki kulificha. Lakini kwa mwanafunzi wa swali letu, siku ile ni kama jaribio ambalo hakuna mtu mwungwana angelitamani lifanywe. Mji uliondolewa sehemu kubwa ya watu wake kwa siku chache. Kilitokea nini?

Kilichotokea ni kwamba waajiri walianza kulia mara moja. Nafasi zilizoachwa wazi zilijazwa na Wakamba, Waluhya, Wajaluo na wengine walioitwa kuja kufanya kazi zile zile, kulala katika vitanda vile vile. Mji haukuwa umejaa watu wa kupita kiasi. Ulikuwa umejaa watu uliowahitaji. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba katika mwaka ule ule, 1954, kamati ya serikali yenyewe chini ya uenyekiti wa Carpenter ilitoa taarifa ikikiri ya kwamba mshahara wa mtu mmoja haufai, na kwamba mfanya kazi wa mjini apasa kulipwa mshahara utoshao kuishi na mke na watoto mjini. Yaani, askari walipokuwa wakiwapakia watu kwenye malori, wataalamu walikuwa wakiandika kwamba watu wale ni wa mji.

Hali ya Hatari ilikwisha mwaka 1960, vizuizi vya safari vikaondolewa, na Uhuru ukaja mwaka 1963. Wake waliwafuata waume zao, watoto waliwafuata mama zao. Hesabu ya mwaka 1962 ilitaja watu karibu 267,000. Ya mwaka 1969 ikataja zaidi ya 509,000. Ukiona tarakimu hizi usikimbilie kusema kwamba wote hao walishuka kwenye basi. Mwaka 1963 mipaka ya jiji ilipanuliwa kutoka kilomita za mraba 90 hivi hadi karibu 690, na watu wengi waliingia Nairobi wakiwa wamelala nyumbani kwao. Mpaka ndio uliowafuata. Nimeona watu wazima wenye elimu wakilisahau jambo hili. Na katika miaka ya baadaye, idadi kubwa ya walioongezeka walizaliwa Pumwani na penginepo papo hapo jijini. Hao utawarudisha wapi?

Hata hivyo, sitakudanganya kwamba kufunguliwa kwa mlango kulikuwa ni raha tupu. Mlango ulifunguliwa, lakini nyumba haikuongezwa vyumba kwa kadiri ya wageni. Mathare ilijaa, Kibera ikajaa, na serikali mpya, iliyoumbwa na watu walioonja kipande, ikaanza mara kwa mara kufanya yale yale: kubomoa vibanda, kukamata wachuuzi, kuwashtaki watu kwa uzururaji. Mwezi wa Mei 1990 mtaa wa Muoroto, karibu na kituo cha mabasi, ulibomolewa na wakazi wake wakatawanywa kwa nguvu. Sheria ya uzururaji yenyewe haikufutwa hata mwaka 1997. Kwa hiyo wapinzani wa mlango wazi wana haki ya kusema: "Mmefungua, na tazameni." Nami nawajibu kwamba twatazama, na tunaloliona ni mji ulioridhi mabomba na mifereji iliyopimwa kwa watu wa kupita.

Wala usidhani kwamba ni wakoloni tu waliojaribu dawa hii. Ndugu zetu wa Tanzania, taifa lililowaheshimu wakulima na wafanya kazi kuliko mengi, walijaribu pia. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvu kazi, na msako ukafanywa Dar es Salaam; asiyekuwa na kitambulisho cha kazi alipelekwa kijijini. Wengi walirudi baada ya muda mfupi, baadhi yao kabla hata vumbi la malori halijatulia. Hesabu ya mwaka 1978 iliipa Dar es Salaam watu karibu 843,000. Ile ya mwaka 1988 iliipa karibu 1,361,000. Lugha yetu yenyewe ina mizigo ya jambo hili. Neno "mhuni", ambalo leo twalitumia kwa mtu mwenye tabia mbaya, lilitumiwa zamani hata kwa mtu asiye na mke wala makao maalumu. Kukosa nyumba kukageuzwa kuwa kukosa adabu.

Sasa turudi kwenye maji, maana ndiyo yaliyoanzisha mazungumzo yetu, na ndiyo yenye funzo kubwa kuliko yote.

Maji ya Nairobi si ya Nairobi. Mwanzoni mji ulichota katika mto wake wenyewe, lakini katika miaka michache ya kwanza ulilazimika kwenda kwenye chemchemi za Kikuyu, nje ya mji. Baadaye ulikwenda Ruiru. Mwaka 1956 bwawa la Sasumua lilimalizika, huko juu kwenye Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua. Mwaka 1994 lilimalizika bwawa la Ndakaini katika Murang'a, lenye uwezo wa kuhifadhi maji mita za ujazo milioni 70. Siku hizi sehemu kubwa kabisa ya maji ya jiji, karibu sehemu 95 katika kila mia, yatoka katika mabonde ya juu ya mto Tana. Maji hayo yangalishuka yenyewe kuelekea mashariki na kumfikia Mpokomo katika shamba lake la mpunga kabla ya kuingia baharini. Sehemu yake yashikwa huko juu na kupelekwa jijini kwa mabomba.

Fikiri basi. Mkulima wa Murang'a akaa mtoni. Mto wakatwa, na maji yake yasafiri kwenda Nairobi. Hakuna aliyeyaomba kibali. Hakuna aliyeyauliza, "Mna kazi huko mwendako?" Maharagwe yake na maziwa yake husafiri vivyo hivyo. Kodi aliyolipa ilijenga wizara, hospitali kubwa ya taifa na vyuo vilivyo jijini. Lakini kijana wa mkulima huyo akipanda gari kufuata maji ya kwao, aambiwe kwamba jiji limejaa, na kwamba yeye ndiye amalizaye maji! Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na kila mara naona ya kwamba mji uwezao kudai haki ya kufunga mlango ni ule tu ujitoshelezao kwa kila kitu, na mji wa namna hiyo sijausoma katika kitabu chochote cha historia.

Watu wa Murang'a wenyewe wamelisema jambo hili kwa njia yao. Malalamiko yamesikika kwamba wako wakaao karibu na bwawa bila bomba majumbani mwao, na viongozi wao wamedai sehemu ya mapato ya maji yauzwayo Nairobi. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa kuhifadhi mabonde ya juu ya Tana, ambao huwasaidia wakulima wa huko kuchimba matuta, kupanda miti na majani ya kuzuia udongo usiporomoke mtoni, ili maji yafikapo jijini yawe safi na mabwawa yasijae tope. Hapo angalau yuko mtu aliyetambua kwamba deni lipo na kwamba lina mwenyewe.

Je, nasema kwamba hapana mpaka wowote unaofaa? La, sisemi hivyo. Mji ukuao upesi wahitaji mipaka mingi, tena migumu. Wahitaji mtu asijenge juu ya ukingo wa mto. Wahitaji ghorofa lisisimamishwe mahali ambapo mfereji wa maji machafu haujafika. Wahitaji misitu yake isiguswe. Lakini tazama ni nani huvunja mipaka ya namna hiyo. Mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa wajenzi wa nyumba za fahari. Waliougawana msitu ule hawakuwa vijana walioshuka kwenye basi na begi moja mkononi. Mpaka wa ardhi humshika mwenye nguvu na mnyonge pamoja, ikiwa walinzi wake ni waaminifu; mpaka wa watu humshika mnyonge peke yake, hata walinzi wakiwa malaika. Hiyo ndiyo tofauti, nami naiona kuwa kubwa.

Vile vile tazama namna uchache wenyewe ugawanywavyo. Mvua zilipopungua na Ndakaini kushuka mwaka 2017, maji yalianza kugawiwa kwa zamu mtaa kwa mtaa. Katika nyumba zenye matangi makubwa, siku za ukame zilipita kimya kimya. Katika Mathare na Kibera, mama alisimama kioskini na mitungi yake ya lita ishirini, akalipa kwa kila mtungi; na ukipiga hesabu ya lita kwa lita, maji ya mama huyo huwa ghali kuliko ya mwenye bomba na bustani ya maua. Aliyefika jijini jana mara nyingi huishi huko kwenye mitungi. Basi yeye, ambaye hutumia maji machache kuliko wote na kuyalipia ghali kuliko wote, ndiye anyoshewaye kidole kwamba ameyamaliza.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 39, yampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote katika Kenya. Ibara ya 43 yampa haki ya maji safi ya kutosha. Hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta watu 4,397,073 wakiishi Nairobi. Wako wasemao kwamba ibara ya kwanza yaifanya ya pili isiwezekane, na kwamba siku moja itabidi tuchague. Utakapokuwa mkubwa, msomaji, huenda ukaitwa kutoa shauri lako katika jambo hili, kama diwani, au mhandisi wa maji, au mpiga kura wa kawaida. Kabla hujasema, panda gari uende Ndakaini. Simama juu ya ukuta wa bwawa, utazame mashamba ya majani chai yaliyouzunguka, kisha umwulize mkulima wa pale kama ana mtoto aishiye Nairobi, na kama nyumbani kwake mna bomba.